Asilimia Saba na Nusu

Oktoba 1956, mabingwa wa viuavijasumu walikusanyika Washington kwa mkutano wao wa nne wa kila mwaka. Aliyewafungulia ni Dk. Henry Welch, mkuu wa Kitengo cha Viuavijasumu katika Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA. Welch hakuwa tabibu. Alikuwa mtaalamu wa bakteria aliyeingia FDA mwaka 1938 na kupanda cheo sambamba na dawa alizozisimamia. Aliwaambia wageni wake kwamba huenda tiba ya viuavijasumu sasa imeingia zama za tatu. Za kwanza zilikuwa za penisilini, inayoua aina chache za vijidudu. Za pili zikawa za dawa zinazofagia vijidudu vya kila namna. Hizi za tatu zingekuwa zama za mchanganyiko: dawa mbili au zaidi ndani ya kidonge kimoja, zikiongezeana nguvu.

Kampuni ya Pfizer ilikuwa na mchanganyiko wa namna hiyo tayari mkononi. Uliitwa Sigmamycin, tetrasaiklini iliyotiwa pamoja na oleandomaisini, na ulikuwa ndio kwanza unaingia sokoni. Matangazo yake katika majarida ya madaktari yalitamba kwamba zama za tatu za viuavijasumu zimewadia. Daktari wa mji mdogo aliyeliona tangazo, kisha akasoma kwamba hata ofisa mkubwa wa serikali kasema hivyohivyo, alikuwa na sababu gani ya kutia shaka?

Ambacho daktari huyo hakukijua ni safari ya maneno yale kabla hayajamfikia msomaji. Rasimu ya hotuba ilipita Pfizer kwanza. Huko, kijana mwandishi wa matangazo aliisoma, akainyoosha hapa na pale, na akachomeka kile kipande cha zama za tatu ili kiende na kampeni ya Sigmamycin. Mdhibiti alipanda jukwaani na maneno ya mdhibitiwa mdomoni mwake.

Ili kuelewa kwa nini kauli moja ya Welch ilikuwa na thamani kubwa hivyo, inabidi kurudi nyuma hadi mwaka 1945. Penisilini ya siku zile ilikuwa dawa isiyotabirika. Ilitengenezwa kwa kuotesha ukungu, na nguvu na usafi wake ulibadilika kutoka bechi moja hadi nyingine. Bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba kila bechi ipelekwe sampuli serikalini, ipimwe, na ipewe cheti kabla ya kuuzwa. Kufikia mwaka 1949 sheria hiyo ilikuwa imepanuliwa kuhusisha streptomaisini, klotetrasaiklini, basitrasini na kloramfenikoli. Dawa nyingine nyingi zilichunguzwa mara moja tu, pale zilipoombewa ruhusa ya kuingia sokoni. Kwa viuavijasumu hivi, kiwanda kilirudi mlangoni kwa Welch kila kilipotengeneza shehena mpya. Bila cheti chake, mzigo haukutoka ghalani.

Ada ya upimaji ilitolewa na kiwanda chenyewe. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kitengo cha Welch kiliendeshwa kwa fedha za wale kilichowapima. Hilo lilikuwa wazi, limeandikwa katika sheria, na halikumtia mtu senti mfukoni. Mfuko uliofichwa ulikuwa mwingine.

Mwaka 1951 lilianza kuchapishwa jarida la kitaalamu la viuavijasumu, Welch akiwa mhariri mkuu. Baadaye likafuata la pili, lililolenga matabibu wa kawaida. Mshirika wake alikuwa Félix Martí-Ibáñez, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Hispania aliyekimbilia Marekani baada ya upande wake wa Wajamhuri kushindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Martí-Ibáñez alikuwa msomi mwenye kipaji cha kalamu na jicho la biashara, na kampuni yake, MD Publications, ndiyo iliyochapisha majarida. Juu ya hayo, wawili hao walimiliki nusu kwa nusu kampuni nyingine ya vitabu vya tiba. Mikutano ya kila mwaka ya viuavijasumu, iliyoanza mwaka 1953, ilidhaminiwa kwa pamoja na FDA na majarida hayo. Jina la serikali na jina la mchapishaji vilikaa kwenye bango moja.

Mkataba wa Welch ulikuwa na vifungu viwili vya kuangalia kwa makini. Kwanza, alipata asilimia saba na nusu ya mapato yote ya matangazo katika majarida. Waliotangaza humo ni viwanda vya dawa, vilevile vilivyosubiri cheti chake. Pili, alipata nusu ya faida ya kuuza nakala za makala mojamoja.

Kifungu hiki cha pili ndicho kilichokuwa na utamu. Makala ikichapishwa kuisifu dawa fulani, kampuni yenye dawa hiyo huagiza nakala zake kwa maelfu, ikawapa mawakala wake wa mauzo, nao wakazisambaza kliniki hadi kliniki. Kwa daktari, nakala ile inaonekana kuwa sayansi tupu: ina jedwali, ina marejeo, na jalada la jarida lina jina la mkuu wa kitengo cha FDA. Kadiri makala inavyomfurahisha mwenye kiwanda, ndivyo nakala nyingi zaidi zinavyonunuliwa, na ndivyo Welch anavyovuna. Na aliyeamua makala ipi itoke alikuwa ni Welch huyohuyo. Ni sawa na refa wa mechi ya Simba na Yanga kupewa fungu katika jezi zinazouzwa na klabu moja, halafu akaachiwa pia kuandika habari za mechi gazetini.

Waliomjua hawakumtaja kama mtu wa rushwa ya bahasha. Wakubwa wake walipomuuliza kuhusu kazi yake ya uhariri, aliwaambia anapata posho ya shukrani tu, ile wanayopewa wasomi kwa kupoteza muda wao. Kamishna wa FDA, George Larrick, alijua majarida yapo na aliyaruhusu. Kiasi cha posho hakuna aliyekiuliza.

Madaktari wachache walianza kulalamika kuhusu dawa zenyewe, kabla hawajajua habari za fedha. Mmoja wao alikuwa Maxwell Finland wa Boston, profesa wa Harvard na mmoja wa watafiti walioheshimika kuliko wote katika maradhi ya kuambukiza. Hoja yake na ya wenzake ilikuwa rahisi kufuata. Vidonge vya mchanganyiko vina vipimo vilivyofungwa. Daktari hawezi kuongeza dawa moja na kupunguza nyingine kulingana na mgonjwa aliye mbele yake. Mgonjwa anayehitaji dawa moja anapewa mbili, pamoja na madhara ya zote mbili. Daktari naye anazoea kutojua kijidudu gani anapambana nacho, kwa sababu ameahidiwa kwamba kidonge kitaua vyote. Na vijidudu, kwa kukutana na dawa nyingi bila sababu, vinajifunza kuzishinda. Ushahidi kwamba michanganyiko ile ilikuwa bora kuliko dawa mojamoja haukuwepo, au ulikuwa mwembamba mno.

Hoja hizo zilibaki ndani ya majarida ya kitabibu mpaka zilipomfikia mwandishi wa habari John Lear, mhariri wa sayansi wa jarida la Saturday Review. Daktari mmoja alimwonyesha rundo la matangazo ya dawa aliyokuwa akiletewa kwa posta. Moja lilikuwa la Sigmamycin. Lilipambwa kwa kadi za madaktari wanane, kila kadi na jina, anwani na namba ya simu, chini ya maneno yaliyodai kwamba kila mahali madaktari wengi zaidi wanaichagua dawa hii.

Lear akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Akawaandikia barua wote wanane kuwauliza wameionaje dawa. Barua zikarudi, mwandikiwa hajulikani. Akajaribu telegramu, akajaribu simu. Hakumpata hata mmoja. Madaktari wanane wa tangazo hawakuwahi kuwepo duniani.

Makala yake ilitoka Januari 1959. Mwezi uliofuata akachapisha ya pili, hii ikimtazama Welch mwenyewe: inakuwaje mtoa vyeti wa serikali awe pia mhariri wa majarida yanayoishi kwa matangazo ya wenye kuomba vyeti? Welch hakutetereka. Wakubwa wake walimkingia kifua. Mwaka mzima ukapita naye yuko kwenye kiti chake.

Kilichomwangusha ni vitabu vya hesabu. Seneta Estes Kefauver wa Tennessee, mwanasiasa mrefu na mpole wa sauti ambaye alishajipatia jina kwa kuwahoji majambazi wa magenge hadharani, alianza Desemba 1959 kusikiliza mashahidi kuhusu bei za dawa. Kamati yake ndogo ilikuwa na mamlaka ya kuitisha nyaraka, na wapelelezi wake wakazifuata hesabu za majarida. Walichokikuta kilizidi uvumi wote. Kati ya mwaka 1953 na Machi 1960, Welch alikuwa amepokea dola 287,142 kutokana na kazi zake za uchapishaji. Mshahara wake serikalini ulikuwa kama dola 17,500 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, kile alichokiita posho kilikuwa zaidi ya mara mbili ya mshahara wake wote wa kipindi hicho.

Waziri mwenye dhamana ya afya, Arthur Flemming, aliyekuwa ameaminishwa habari ya posho ya shukrani, hakuwa tena na la kumtetea nalo. Mei 1960 Welch alijiuzulu. Hakufika mbele ya kamati kujieleza. Ilisemekana moyo wake ulikuwa mgonjwa. Hakufikishwa mahakamani pia.

Mwezi uliofuata alikaa kwenye kiti cha mashahidi mwanamke mmoja tabibu, Barbara Moulton, aliyeiacha kazi FDA Februari ya mwaka huohuo. Ushahidi wake ulikuwa mzito kuliko wa hesabu, kwa sababu alieleza maisha ya kila siku ofisini. Wawakilishi wa viwanda waliingia na kutoka kama wenyeji. Tabibu aliyekataa kuipitisha dawa haraka alionekana msumbufu. Yeye mwenyewe aliwahi kukaripiwa kwa kutokuwa na adabu ya kutosha mbele ya watu wa viwanda. Kwa Moulton, Welch alikuwa dalili tu. Maradhi yalikuwa mazoea ya taasisi nzima kuwaona wenye viwanda kuwa ndio wateja wa kuhudumiwa, na mgonjwa kuwa mtu wa mbali asiyepiga simu.

Agosti 1960, miezi mitatu baada ya Welch kuondoka, FDA iliajiri tabibu mpya, Frances Kelsey. Moja ya maombi ya kwanza kuwekwa mezani kwake lilikuwa la dawa ya usingizi, thalidomide, iliyokuwa ikiuzwa Ulaya. Kampuni ya William S. Merrell ilimsukuma kwa simu na ziara zisizokwisha. Kelsey akaendelea kudai data zaidi. Dunia ilipokuja kujua kwamba dawa hiyo imesababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyopungua, Marekani iliponea chupuchupu kwa ukaidi wake. Muswada wa Kefauver, uliokuwa ukifa taratibu bungeni kwa kukosa wa kuubeba, ukafufuka. Rais Kennedy aliutia saini Oktoba 10, 1962. Kuanzia hapo, kampuni ilipaswa kuthibitisha kwa majaribio ya kisayansi kwamba dawa inatibu, mbali na kuonyesha kwamba haina hatari.

Kipimo hicho kilipogeuzwa nyuma kwa dawa zilizokwisha kuingia sokoni, zama za tatu ziliporomoka. Kuanzia mwaka 1966 majopo ya wanasayansi wa Chuo cha Taifa cha Sayansi yalipitia maelfu ya dawa zilizoruhusiwa tangu mwaka 1938. Kuhusu michanganyiko ya viuavijasumu, hukumu yao ilikuwa kali: ushahidi haupo. Kampuni ya Upjohn ilipigania mchanganyiko wake wa Panalba, tetrasaiklini na novobiosini, hadi mahakamani, na mwaka 1970 ikashindwa. Aliyesoma maonyo ya Finland na wenzake ya miaka ya 1950 hakushangazwa.

Mtu angedhani FDA ilikuwa imejifunza mara moja na kwa wote. Lakini sheria ya mwaka 1962 ilihusu ushahidi wa dawa. Haikugusa sana mifuko ya wanaoupima. Robo karne baadaye jambo likazuka upande mwingine.

Mwaka 1984 Marekani ilirahisisha njia ya dawa jeneriki, zile nakala za bei nafuu zinazotengenezwa hataza ya dawa ya asili ikiisha. Maombi yakamiminika na foleni ikawa ndefu. Katika biashara hiyo wa kwanza kuruhusiwa hunyakua soko, kwa hiyo nafasi katika foleni ilikuwa ni fedha. Kampuni ya Mylan iliona maombi yake yanalala huku ya washindani yakipita. Ilipoona malalamiko hayasikilizwi, ikaajiri wapelelezi binafsi. Wapelelezi hao walikwenda hadi nyumbani kwa mkaguzi wa FDA aitwaye Charles Chang na kupekua takataka zake. Mwaka 1988 walichokipata kilifikishwa kwa kamati ya mbunge John Dingell.

Chang alikiri kosa mwaka uliofuata. Alikuwa amepokea kutoka kwa kampuni moja safari ya kuzunguka dunia na vifaa vya kompyuta. Wakaguzi wenzake kadhaa nao wakakiri kupokea malipo haramu. Uchunguzi ulipopanuka yakafumuka mengine: kampuni ya Vitarine ilikiri kwamba dawa iliyoipeleka kupimwa kama yake haikuwa yake, bali ilikuwa Dyazide, dawa ya asili ya SmithKline iliyotakiwa kulinganishwa nayo. Bila shaka ilifaulu. Ilifananishwa na yenyewe. Kamishna wa FDA aliondoka, na mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kuwafungia kampuni na watu wa aina hiyo.

Kwa kulinganisha, kisa cha Chang kilikuwa chepesi kwa waendesha mashtaka. Kulikuwa na mtoaji, mpokeaji na zawadi. Kesi za namna ya Welch ndizo ngumu, kwa kuwa hakuna anayetoa chochote gizani. Kila mtu ana mkataba.

Mwaka huohuo wa 1992 ilipita sheria nyingine iliyobadilisha mambo kwa kina zaidi. Wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wamepiga kelele miaka mingi kwamba wanakufa huku dawa zikisubiri kusomwa. Oktoba 1988 wanaharakati waliizingira ofisi ya FDA karibu na Washington wakidai haraka. Serikali haikutaka kuongeza bajeti. Suluhisho likawa ada: kila kampuni inayoomba kibali cha dawa mpya ilipie tathmini yake, nayo FDA iajiri wakaguzi zaidi na ijifunge kwa muda maalumu wa kutoa jibu. Jambo lilifanya kazi. Foleni ikafupika, na wagonjwa wengi walipata dawa walizozihitaji mapema kuliko zamani.

Gharama yake haikuandikwa kwenye stakabadhi. Leo karibu nusu ya bajeti ya FDA inatokana na ada za viwanda, na kwa upande wa dawa za binadamu inakaribia theluthi mbili. Sheria hiyo huisha muda kila baada ya miaka mitano, na kabla ya kuhuishwa maofisa wa FDA huketi mezani na wawakilishi wa viwanda kujadiliana viwango na masharti. Mkono mtupu haulambwi, na taasisi inayojua mshahara wake wa mwakani unajadiliwa na nani haiwezi kujifanya haijui. Hakuna ofisa anayepata asilimia saba na nusu. Lakini lile jambo alilolieleza Moulton, la kiwanda kuwa mteja, sasa limo ndani ya sheria.

Mlango mwingine ni wa ajira. Desemba 1995 FDA iliidhinisha OxyContin, dawa kali ya maumivu ya Purdue Pharma, ikiwa na maelezo kwenye karatasi yake kwamba kufyonzwa kwake polepole kunaaminika kupunguza uwezekano wa kutumiwa vibaya. Wauzaji wa Purdue waliibeba kauli hiyo kama ngao. Tabibu aliyesimamia tathmini aliondoka serikalini na baadaye akaajiriwa na Purdue. Hakushtakiwa kwa hilo. Hakukuwa na sheria ya kumzuia. Dawa hiyo ilikuja kuwa moja ya vyanzo vya janga la uraibu wa afyuni lililoua watu wengi mno Marekani.

Mahali pamoja ambapo uzito wa fedha ulionekana kwa namba kavu ni Februari 2005. Miezi michache kabla, Septemba 2004, Merck ilikuwa imeiondoa sokoni Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo, baada ya jaribio kuonyesha kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. FDA iliita jopo la washauri 32 kuamua hatima ya dawa za aina hiyo. Kwa siku tatu walisikiliza data, kisha wakapiga kura. Kuhusu Vioxx, 17 walisema inaweza kurudi sokoni na 15 wakakataa. Bextra ya Pfizer nayo ikaruhusiwa kubaki.

Juma moja baadaye gazeti la New York Times likachapisha hesabu nyingine. Washauri kumi kati ya wale 32 walikuwa na uhusiano wa kifedha na watengenezaji wa dawa hizo: ushauri wa kulipwa, ruzuku za utafiti, ada za mihadhara. Tisa kati ya kumi hao waliipigia Vioxx kura ya ndiyo. Tisa waliipigia Bextra kura ya ndiyo. Ukiwaondoa, Vioxx inashindwa kwa kura 14 dhidi ya 8, na Bextra inashindwa kwa 12 dhidi ya 8.

Washauri hao walikuwa wasomi wa kweli, na hakuna aliyethibitishwa kupiga kura kwa kununuliwa. Wengine walisema hawakujua hata kama uhusiano wao ulihusika. Yawezekana kabisa kwamba waliamini walichokisema. Hata Welch, kwa lolote linalojulikana, huenda aliamini zama zake za tatu. Ndiyo sababu kutafuta mwenye nia mbaya mara nyingi ni kupoteza muda. Mtafiti aliyefanya kazi miaka kumi na kampuni anaijua dawa yao, amewazoea watu wao, amesoma data zao wakati wengine hawajaziona; anapopiga kura anaona anatumia ujuzi wake. Namba ndizo zinazoonyesha kwamba ujuzi huo, kwa watu tisa kati ya kumi, uliegemea upande mmoja.

Vioxx haikurudi. Bextra iliondolewa Aprili 2005, FDA ikiwapuuza washauri wake. Mwaka 2007 sheria mpya iliibana FDA katika kuwaruhusu washauri wenye maslahi, na mwaka 2010 ikafuata nyingine inayolazimisha kampuni kutangaza malipo zinayowapa madaktari. Sasa yeyote mwenye intaneti anaweza kutafuta jina la daktari wa Marekani na kuona alilipwa nini, na nani, kwa kazi gani. Mkataba wa Welch ulichukua miaka saba, mwandishi mmoja jasiri na kamati ndogo ya Seneti kufichuliwa.

Katika hatua nyingi za historia hii, aliyeleta mabadiliko alitoka nje ya chumba cha maamuzi: mwandishi aliyeandika barua nane, seneta aliyeitisha vitabu vya hesabu, tabibu aliyeacha kazi kwanza ndipo akasema, hata mshindani aliyepekua takataka. Ndani ya chumba, utaratibu wa watu kujieleza wenyewe kwa wakubwa wao ulishindwa kila ulipojaribiwa. Welch alijieleza. Alisema ni posho.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana sababu ya kuiangalia historia hii kwa karibu. Michanganyiko ya viuavijasumu iliyopoteza kesi Marekani mwaka 1970 ina ndugu zake kwenye rafu za maduka ya dawa ya Afrika Mashariki. Maarufu kuliko wote ni kapsuli ya ampisilini na kloksasilini, ambayo watu wengi huiita Ampiclox na kuinunua bila cheti cha daktari kwa kila kikohozi. Shirika la Afya Duniani limeuweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya ile isiyopendekezwa, kwa sababu zilezile za akina Finland.

Mamlaka za dawa za eneo hili nazo hutegemea kwa sehemu ada za waombaji wa usajili, na hakuna njia rahisi ya kuliepuka hilo kwa nchi zenye bajeti finyu. Lakini ada si sababu ya kuficha majina. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kufanya kazi Novemba 2021 na makao yake yakapangwa Kigali, bado unajengwa, na kanuni zake za mgongano wa maslahi zinaweza kuwekwa vizuri tangu mwanzo. Ziwe na mambo matatu: orodha ya wataalamu wa kila jopo itangazwe kabla ya kikao, malipo waliyopata kutoka viwandani kwa miaka iliyopita yatajwe kwa kiasi na kwa jina la mlipaji, na mwenye maslahi katika dawa inayojadiliwa atoe maelezo yake, kisha atoke kabla ya kura. Wabunge na waandishi wa habari wa nchi wanachama wadai hayo sasa, kabla mikataba haijawa mingi.